Mgombea Akichokozwa Mitandaoni: Ajibu au Anyamaze?

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baad. Kampeni zikikaribia, suali hili huulizwa sana misikitini na barazani: mgombea Muislamu akirushiwa vijembe na mpinzani wake Facebook au kwenye magurupu ya WhatsApp, afanye nini? Wapo wanaoona kunyamaza ni unyonge, na wapo wanaoona kila jibu ni fitna. Ndugu zangu, jawabu linategemea alichorushiwa. Tutazame mambo matatu.

La kwanza ni tusi: kuchekwa umbile lake, asili yake au watu wa nyumbani kwake. Aliyedhulumiwa ana haki ya kulipa kwa kiasi kile kile bila ya kuzidisha. Lakini Surat Shura, aya ya 40, baada ya kutaja haki hiyo, inamuahidi mwenye kusamehe na kusuluhisha kuwa ujira wake uko kwa Allah. Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyemtukana Abubakar (R.A.) mbele ya Mtume (S.A.W.). Abubakar alinyamaza mara mbili, mara ya tatu akajibu, na Mtume akainuka. Abubakar alipouliza, alielezwa kuwa Malaika alikuwa akimjibia, na alipojibu mwenyewe akaingia shetani. Basi tusi dawa yake ni kuliacha lipite.

La pili ni uzushi. Mgombea akisingiziwa wizi, au akitengenezewa sauti na picha ambazo si zake, kubainisha ukweli si ugomvi. Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika itikafu alimsindikiza mkewe, Bi Safiyya (R.A.), usiku. Watu wawili wa Ansari wakapita, naye akawaita akawaambia kuwa yule ni Safiyya, ili shetani asitie dhana nyoyoni mwao. Hawakuwa wamesema neno, lakini aliwabainishia. Mgombea naye abainishe mara moja, kwa ushahidi, bila ya kumtukana mzushi, wala asiwatume vijana kumtukania.

La tatu ndilo linalosahauliwa: suali la haki lililovishwa kejeli. Akiulizwa kwa dharau fedha za kisima cha shehia zilikwendapo, anayeuliza amekosa adabu, lakini suali ni la wananchi. Uongozi ni amana, na mwenye kubeba amana huhojiwa. Kunyamaza hapa na kukuita subira ni kuikimbia hesabu. Aiache kejeli, alijibu suali.

Sisi wa visiwa hivi tunajua maneno yanapofika. Baada ya uchaguzi wa 1995, tuliona watu wakisusiana madukani, harusini na hata mazikoni. Ilihitajika Maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kisha kura ya maoni ya Julai 2010, ili watu warudi kupeana mikono. Mwaka 1995 hapakuwa na magurupu ya WhatsApp ya kupeleka tusi kutoka Unguja hadi Wete kwa dakika moja.

Kwa hiyo nasaha hii si ya wagombea peke yao. Mama, baba, kijana: klipu ya kumdhalilisha mtu ikiingia katika simu yako, isikupite kwenda kwa mwengine. Surat Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki habari ya fasiki kabla ya kuwadhuru watu bila ya kujua, na aya ya 11 inakataza kudharauliana. Mwenye kusambaza ana fungu lake katika dhambi, hata kama hakuandika yeye. Uchaguzi una siku yake na utakwisha. Jirani atabaki, na ndiye atakayekubebea jeneza.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.