KISHINDO BAFUNI

Wanafunzi wenzangu, je, ukifunga shawa nyumbani ukuta hugonga “du!”? Wengi husema ni hewa. Mimi sikubali.

Maji yanayokimbia ni mzigo. Mita 10 za bomba la nusu inchi hubeba karibu lita 2, yaani kilo 2. Ukiyakatiza ghafla yanaugonga mfereji, na kishindo hurudi nyuma bombani kwa kasi inayoweza kupita mita 1,000 kwa sekunde! Mrusi Nikolai Joukowsky alieleza hesabu yake mwaka wa 1898.

Kwanza, funga polepole. Kishindo kikipotea, mwenye makosa ni hayo maji. Halafu kagua bomba ukutani: klipu zikilegea, bomba hucheza, viungo huvuja, na bili ya maji mtalipa nyinyi, siyo mwenye nyumba. Lakini likinguruma shawa ikiwa wazi, huenda kile kiraba cha ndani ya mfereji kimelegea. Funga maji kwenye mita, kibadilishwe; ni kazi ndogo.

Fundi mmoja alitaka kuvunja ukuta wetu. Baba akakataa. Tuliongeza klipu nne kwenye bomba la nje na kishindo kikapungua sana, ingawa kaka yangu bado hufunga shawa kama mlango wa matatu.