Akida Aliye Chini ya Amri

Katika Mathayo sura ya 8 akida mmoja alimjia Bwana Yesu Kapernaumu, mji wa kando ya ziwa kama huu wetu wa Kisumu. Akida alikuwa nani? Katika jeshi la Kirumi aliongoza askari wapatao 80, ingawa jina la cheo chake lilitokana na hesabu ya mia. Makundi sita ya namna hiyo yalikuwa kikosi, na vikosi kumi legioni moja. Juu yake walikuwapo majemadari, na juu ya wote Kaisari.

Wazee wetu waliotumikia Keya, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902, waliyafahamu mambo haya. Sajini aliposema neno askari alitii, kwa sababu nyuma ya sajini palikuwa na mamlaka iliyompa cheo.

Ndiyo maana akida yule aliamini kwamba neno moja la Yesu latosha. Tena hakuja kujiombea mwenyewe, bali mtumishi wake aliyekuwa mgonjwa.

Ndugu yangu mwenye cheo, nani anaugua chini yako leo? Je, umemwombea?