Kabla ya kulipa kamio, fungua kifuniko cha bluu

Koperative nyingi zinatafuta kamio yao ya kwanza kwa kubeba kahawa, kakao ao viazi. Lakini kamio za okazioni zenye zinatoka Ulaya leo si kama zile za zamani. Kamio nzito yenye iliuzwa mpya kule tangu 2014 iko Euro 6: kati ya motere na bomba la moshi kuna vyombo vya kusafisha moshi. Muuzaji atawaonyesha motere, pneu na karoseri. Vile vyombo, mara nyingi hata havitaji.

Pembeni ya tanki ya mazutu kuna tanki ndogo yenye kifuniko cha bluu. Mule munaingia AdBlue, ni kusema urea 32,5 kwa 100 ndani ya maji yenye yaliondolewa madini. Inapulizwa ndani ya moshi wa moto, inageuka amonia, na amonia inavunja gesi mbaya za azoti. Muhesabu karibu litre 5 kwa litre 100 za mazutu. Safari ya litre 200 inaomba litre 10. Ikiisha, kompyuta ya Euro 6 inaondoa kwanza robo ya nguvu ya motere. Wazieni mpando wa Kabasha na tani 10 za viazi juu! Mukiendelea hivyo hivyo, mwishowe kamio haipite kilometa 20 kwa saa, hata kwenye tambarare.

Hapa sisi watu wa kilimo tunaulizwa: si tuko na urea kwenye depo? Hapana, ndugu zetu. Urea ya mfuko wa kilo 50, ile ya azoti 46, ni ya mahindi. Ndani yake kuna biuret, ileile yenye inafanya majani ya kahawa yawe manjano ukipuliza urea isiyofaa. AdBlue haikubali biuret kupita 0,3 kwa 100. Ya mbolea inaweza kupita 1. Punje zenyewe zimepakwa dawa ili zisishikane, na maji ya kisima yanaleta chokaa. Vyote vinagandamana kwenye kipulizio na kuua katalizeri. Kuibadilisha kunaweza kumeza faida ya msimu muzima.

AdBlue ya kweli nayo inaharibika. Muiweke kwenye kivuli, chini ya digri 30, isikae mwaka. Bidoni iliyobeba mazutu ao mafuta ya mawese haifai, hata ikioshwa, na mpare wa shaba pia hapana.

Euro 6 iko tena na filtre ya masizi. Inajisafisha kwa kuyachoma, karibu digri 600, na kwa hiyo kamio inapaswa kutembea ikiwa na moto. Kwenye matope, ao motere ikinguruma bure masaa mbele ya bariere, filtre inajaa. Mafuta ya motere yawe ya majivu kidogo. Mazutu nayo: Ulaya ni sulfuri 10 kwa milioni tangu 2009, Kenya, Uganda na majirani zao walipanga 50 tangu 2015. Bidoni ya kando ya barabara haina karatasi yoyote.

Kwa maoni yetu, koperative yenye haina karibu garaji ya kusoma kode, wala duka la AdBlue, ichukue Euro 3 yenye motere nzima. Euro 5 iko katikati: nyingi zinaomba AdBlue lakini hazina filtre. Euro 3 inatoa moshi muchafu, hatufiche. Tangu 2012 OMS inahesabu moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa. Basi isingurume pale wamama wanachambua kahawa.

Siku ya kununua, mugeuze ufunguo: taa ya motere iwake, halafu izimike motere ikishika. Isipowaka kabisa, mutu ameikata ili kuficha kitu. Mupakie mzigo na mupande mulima nayo. Kisha mufungue kile kifuniko cha bluu. Chumvi nyeupe pembeni si shida. Harufu ya mazutu mule ndani ni shida: pompe ya AdBlue imeisha kufa, na haitakuwa peke yake.