Rungwe, mlima wa siku moja unaolisha Ziwa Nyasa

Abiria wa basi la Mbeya kwenda Kyela huuona Mlima Rungwe upande wa kushoto baada ya kuvuka safu za Poroto, mawingu yakiwa yamepisha. Wengi huutupia jicho mara moja dirishani, kisha wanageukia ndizi na parachichi zinazouzwa kandokando ya barabara. Wanapitwa na jambo kubwa. Mlima huu wenye kimo cha karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari unaweza kupandwa na kushukwa na mtu mwenye afya ya kawaida kati ya alfajiri na magharibi, bila hema wala wapagazi.

Tumezoea kudhani kwamba kupanda mlima ni Kilimanjaro, na Kilimanjaro ni ya wageni wenye fedha. Rungwe unakiondoa kisingizio hicho. Nami naamini kwamba wananchi watakaoilinda misitu ya milima yetu ni wale walioingia ndani yake kwa miguu yao, wakaona inafanya kazi gani. Kwa nyanda za juu kusini, sijui darasa bora kuliko siku moja ya kupanda Rungwe.

Kutoka mashambani hadi msituni

Njia moja ya kupanda huanzia upande wa Shule ya Sekondari Rungwe, kaskazini mwa mji wa Tukuyu. Ni jirani na Misheni ya Rungwe, ambako wamisionari wa Moravian waliweka kituo chao mwaka 1891. Safari njema huanza mapema, mwanga unapoanza tu kutoka. Anayekwenda kwa mwendo wa wastani huhitaji karibu saa kumi kupanda na kushuka, na mchana mawingu hupenda kurudi.

Hatua za kwanza ni za mashambani. Migomba, mahindi, viazi mviringo na miti ya kupandwa vinasogea hadi mpakani mwa hifadhi. Udongo ni mweusi na laini, na una historia yake. Rungwe ni mlima wa volkano, uliokaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana: moja kutoka Rukwa, jingine kutoka Ziwa Nyasa, la tatu likielekea Usangu. Yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu kubwa na kumwaga majivu na mawe mepesi yenye vitundu, yale ambayo ukiyatupa majini yanaelea. Majivu ya mlipuko huo wanasayansi wameyakuta hadi kwenye matope ya chini ya maziwa. Rutuba inayoivisha ndizi, chai na parachichi za Tukuyu ilitoka tumboni mwa mlima huu na mwa jirani zake, Ngozi na Kyejo.

Ukivuka mpaka, mambo yanabadilika ghafla. Jua linabaki nje. Miti mirefu imefunga anga, mashina yamevaa ukoga wa kijani, na juu ya matawi yameota majani mengine yasiyogusa ardhi kabisa, zikiwemo okidi. Njia ina mizizi na utelezi hata wakati wa kiangazi, na mteremko hauna huruma kwa mapaja. Hapa ndipo mwongozaji anapoonyesha thamani yake, kwa kuwa vijia vya wanyama na vya watu wa zamani vinapishana, na ukungu ukishuka pande zote za msitu zinafanana.

Mnyama aliyejulikana kwa wawindaji kwanza

Katika msitu huu wanaishi mbega weusi wenye mabega meupe. Yumo pia minde, paa mkubwa wa msituni asiyepatikana nje ya Tanzania, ambaye wengi hupita karibu naye bila kumwona. Lakini aliyeupa mlima huu jina duniani ni kipunji.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani huyu mwenye haya, na wapo waliodhani ni kiumbe cha masimulizi tu. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, waliyachukua maneno hayo kwa uzito, wakamtafuta, wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine walimkuta katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 ulimwengu ukatangaziwa spishi mpya.

Kisha kipunji mmoja akanaswa na kufa katika mtego wa mkulima pembezoni mwa Rungwe. Mwili wake uliwapa wataalamu nafasi ya kuchunguza mifupa na vinasaba. Matokeo yalitoka mwaka 2006: huyu hakuwa spishi mpya tu, alistahili jenasi yake mwenyewe, nayo ikaitwa Rungwecebus kwa heshima ya mlima. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya nyani hai kwa zaidi ya miaka 80.

Kipunji ana manyoya marefu ya kahawia yenye kijivu, kishungi kilichosimama kichwani na uso mweusi. Huishi zaidi juu ya miti, na sauti yake ni mchanganyiko wa honi na mbweko. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu duniani kote. Makadirio ya karibuni yamevuka 1,900, habari njema inayotokana na ulinzi. Hata hivyo idadi hiyo yote ingeweza kukaa katika shule moja kubwa ya sekondari, na spishi hii bado iko hatarini kutoweka.

Unayepanda, usiende ukiwa umejiahidi kumwona. Nenda kimya, sikiliza matawi, na uridhike kwamba unapita nyumbani kwake.

Juu ya miti

Kadiri unavyopanda miti hufupika. Baridi inaongezeka, mianzi inatokea, na miti ya Hagenia yenye magome mekundu yanayobanduka inasimama kwa nafasi. Halafu msitu unaachia. Mbele yako kuna nyasi, vichaka vya mrika vyenye majani membamba, na katika msimu wake maua ya rangi ambazo huko chini huzioni: manjano, nyeupe, machungwa yanayowaka. Ni maua ya jamii moja na yale ya uwanda wa Kitulo, ng'ambo ya mashariki, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Hapa mpandaji hupata upepo na moyo mpya. Kilele si ncha moja iliyochongoka. Ni ukingo wa shimo kubwa la volkano lenye upana wa karibu kilomita nne, ambalo upande wake wa kusini-magharibi ulibomoka zamani na kuanguka. Siku ikiwa safi utaona safu za Poroto kaskazini, milima ya Livingstone mashariki, mashamba ya chai ya Tukuyu chini yako, na mbali kusini Ziwa Nyasa. Kaa, kula ulichobeba, tazama bila haraka. Lakini ikikaribia saa nane mchana anza kushuka, hata kama kilele kilibaki hatua chache. Giza la msituni huwahi kuliko la shambani.

Mlima unavyotengeneza maji

Kutoka huko juu kuna somo ambalo ramani haitoi. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa unagonga mlima, unapanda, unapoa na kuwa mvua. Miteremko ya kusini-mashariki hupata karibu milimita 3,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu chache sana za Tanzania hukipata. Majani na ukoga huchuja hata ukungu na kuudondosha chini. Ardhi yenye mizizi na mboji hulimeza tone hilo, kisha huliachia polepole miezi ya kiangazi. Mito ya Kiwira na Mbaka hupata maji yake katika milima hii, ikashuka hadi Kyela kwenye mpunga na kakao, na kuishia ziwani.

Ondoa miti, na mvua ileile itashuka kwa siku moja ikiwa matope, kisha mto utakauka Septemba. Mkulima wa mpunga wa Kyela ambaye hajawahi kukanyaga Rungwe anautegemea msitu wake kila msimu.

Ndiyo maana hatua ya mwaka 2009 ya kuupandisha hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, sasa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ilikuwa ya haki. Eneo lake ni zaidi ya hekta 13,000. Lakini tangazo la serikali halizimi moto wala halitegui mitego. Upasuaji mbao wa magendo, mkaa, uwindaji na moto wa kiangazi vimeukwangua msitu huu kwa miaka mingi. Ujia wa Bujingijila, unaounganisha Rungwe na misitu ya Livingstone, umebaki mwembamba na umeharibiwa vibaya. Ukikatika kabisa, kipunji wa Rungwe hawatakutana tena na wenzao wa upande wa pili. Kuurudishia miti ya asili ni kazi isiyopaswa kungoja.

Kabla hujapanda

Chagua kati ya Juni na Oktoba. Miezi mingine mvua za Tukuyu hugeuza njia kuwa mfereji. Pata kibali kupitia TFS wilayani Rungwe na umchukue mwongozaji wa hapohapo. Vaa viatu vinavyoshika udongo, beba sweta na koti la mvua hata kama asubuhi ni ya jua, maji ya kutosha, na chakula kisichohitaji kupikwa: ndizi, mayai ya kuchemsha, karanga. Usiwashe moto. Takataka zako zishuke nawe.

Walimu wa Mbeya, Tukuyu na Kyela, wapelekeni wanafunzi wenu wa jiografia na baiolojia wakajifunze huko. Vikundi vya kwaya, vyama vya wafanyakazi, familia zinazotafuta mahali pa kwenda Jumamosi, wekeni Rungwe kwenye ratiba ya kiangazi kijacho. Ada mtakayolipa inasaidia ulinzi wa hifadhi, na ujira wa mwongozaji unampa kijana wa kijijini sababu ya kuutetea msitu badala ya kuupasua mbao. Mlima ni wetu, maji yake tunayanywa. Tuwe wa kwanza kuupanda na wa kwanza kuulinda.