Vipindi vya Uvuvi: Anayelipa Ndiye Anayechagua Samaki

Vipindi vya uvuvi ni miongoni mwa aina kongwe za vipindi vya televisheni, na leo vinapatikana kwa wingi kuliko wakati wowote uliopita: kwenye chaneli za kawaida, kwenye chaneli maalumu za kulipia, na zaidi ya yote kwenye intaneti, ambako mwenye simu anaweza kutazama uvuvi wa Alaska, wa Mto Kongo au wa mito ya Uingereza saa yoyote aitakayo. Hata hivyo, wingi huo haukugawanyika sawasawa, kwa kuwa wapo samaki wanaoonyeshwa kila siku na wapo wengine, wakiwamo dagaa na sangara wanaolisha mamilioni ya watu katika eneo la Maziwa Makuu, ambao huonekana kwa nadra. Tofauti hiyo haitokani na uzuri wa samaki wala ustadi wa wavuvi, bali hutokana na jambo la kibiashara ambalo watazamaji hawalitilii maanani, yaani ni nani anayegharimia kipindi na anatarajia kupata nini.

Nchini Marekani, ambako vipindi hivi vilikomaa mapema, shirika la televisheni la ABC lilianza mwaka 1965 kurusha The American Sportsman, kipindi kilichoongozwa na mtangazaji wa michezo Curt Gowdy na kudumu hadi mwaka 1986, ambamo watu mashuhuri walipelekwa sehemu mbalimbali za dunia kuvua na kuwinda mbele ya kamera. Kazi ya namna hiyo ilihitaji mfuko wa shirika kubwa. Mwaka 1968, Bill Dance alianzisha kipindi chake, Bill Dance Outdoors, katika kituo cha televisheni cha mji wa Memphis, na mtindo wa aina hiyo ndio ulioenea zaidi kwa kuwa gharama yake ilikuwa ndogo: mvuvi mmoja, mashua moja, ziwa lisilo mbali, na maelezo ya namna ya kufunga ndoana, kuchagua chambo na kutambua mahali samaki wanapojificha.

Samaki aliyetawala vipindi vya Marekani tangu wakati huo ni bass, samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, ambaye baadhi ya Wakenya wanamfahamu kwa sababu aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Bass hakupewa nafasi hiyo kwa utamu wa nyama yake, maana wavuvi wengi wa burudani humrudisha majini akiwa hai, bali kwa sababu kumvua kunahitaji vifaa vingi: mashua yenye injini kubwa, fimbo za aina mbalimbali, vigurudumu vya kukunjia mshipi, vyambo bandia vya kila rangi, na mitambo inayotambua samaki chini ya maji kwa kutumia mwangwi wa sauti. Watengenezaji wa vifaa hivyo wanahitaji mahali pa kuvitangaza, na kipindi cha uvuvi huwapa nusu saa nzima ambayo bidhaa yao inaonekana ikifanya kazi.

Hapo ndipo ulipo utaratibu unaojulikana katika biashara hiyo kama ununuzi wa muda. Kwa kawaida kituo cha televisheni humlipa mtayarishaji ili kipindi kirushwe, lakini katika vipindi vingi vya uvuvi na uwindaji mambo huwa kinyume, kwa maana kwamba mtayarishaji ndiye anayekilipa kituo ili apewe nusu saa, kisha hurudisha fedha zake kwa kuuza matangazo ya biashara na kwa kuonyesha bidhaa za wafadhili ndani ya kipindi chenyewe. Utaratibu huo huwezesha kipindi chenye watazamaji wachache kuendelea kwa miaka mingi, alimradi watazamaji hao ni wanunuzi wa mashua na ndoana. Kwa mantiki hiyohiyo, mvuvi wa dagaa anayetega usiku kwa taa na wavu katika Ziwa Victoria hana mfadhili wa kumpeleka kwenye kioo, kwa kuwa mtazamaji wa mjini hatanunua wavu wake.

Utaratibu huo ulipata nguvu zaidi mashindano ya uvuvi yalipogeuka kuwa mchezo wa kutazamwa. Shindano la Bassmaster Classic lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika Ziwa Mead, na kipindi cha The Bassmasters kilianza kurushwa mwaka 1985. Televisheni za kebo na setilaiti ziliongeza idadi ya chaneli, na hatimaye zikazaliwa chaneli za uvuvi na uwindaji pekee, kama Seasons ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1996 na World Fishing Network iliyoanzia Kanada mwaka 2005. Chaneli za namna hiyo zina chanzo cha pili cha mapato, ambacho ni ada ya wateja wa vifurushi.

Aina nyingine ya vipindi ilitokea pale televisheni zilipogundua kwamba uvuvi wa riziki, yaani kazi ya kuvua kwa ajili ya soko, unaweza kuvutia hata mtu asiyewahi kushika mshipi. Mwaka 2005 chaneli ya Discovery ilianza kurusha Deadliest Catch, kipindi kinachofuata meli zinazovua kaa katika Bahari ya Bering karibu na Alaska, na mwaka 2012 National Geographic ikaanza Wicked Tuna, kinachohusu wavuvi wa jodari katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Vipindi hivi haviuzi ndoana, bali huuza msisimko kwa watangazaji wa bidhaa za kila aina na kwa vituo vya nchi nyingine, na kwa sababu hiyo havifundishi namna ya kuvua bali hukaza macho kwenye mawimbi, ugomvi wa mabaharia na hofu ya kurudi bandarini mikono mitupu.

Kwa Afrika, kipindi chenye uhusiano wa wazi zaidi ni River Monsters cha chaneli ya Animal Planet, kilichoanza mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2017, ambacho kiongozi wake, Mwingereza Jeremy Wade, alisomea zoolojia, yaani elimu ya wanyama. Wade alivua katika Mto Kongo samaki mkubwa mwenye meno marefu anayeitwa mbenga, ambaye wavuvi wa huko wanamjua tangu zamani. Kipindi hicho kilichanganya sayansi na vitisho, kwa kuwa kila sehemu iliandaliwa kama upelelezi wa ajali iliyompata mtu majini, na mwisho wake samaki aliyeshukiwa hunaswa kwa ndoana. Ujuzi wa wenyeji ulitumika kama ushahidi katika upelelezi huo, ingawa aliyebaki katikati ya picha ni mgeni.

Uingereza inaonyesha kwamba mlipaji akibadilika, kipindi nacho hubadilika. Shirika la BBC hugharimiwa kwa ada inayolipwa na wenye televisheni na haliwekewi matangazo ya biashara nchini humo, hivyo liliweza kurusha mwaka 1993 A Passion for Angling, vipindi vilivyorekodiwa kwa miaka kadhaa ili kuonyesha mito na majira ya mwaka pamoja na samaki. Tangu mwaka 2018 limekuwa likirusha Mortimer & Whitehouse: Gone Fishing, ambamo wachekeshaji wawili waliowahi kuugua moyo huvua huku wakizungumzia uzee, afya na urafiki, na wakikosa samaki kipindi hakiharibiki. Lakini huduma ya BBC iPlayer, ambayo huonyesha vipindi hivyo mtandaoni, imefungwa kwa watumiaji walio nje ya Uingereza, kwa kuwa haki za kuonyesha kipindi huuzwa nchi kwa nchi.

YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, iliondoa malango mawili kwa pamoja, ambayo ni ratiba ya kituo na gharama ya kununua muda, kwa kuwa mtu mwenye kamera ndogo na fimbo moja anaweza kuweka video yake bila kumwomba mhariri na akapata sehemu ya mapato ya matangazo. Waandaaji wa mashindano nao walihamia mtandaoni. Major League Fishing, iliyoanzishwa mwaka 2011, hupima kila samaki papo hapo na kumrudisha majini, kisha matokeo huonekana kwa watazamaji mchana kutwa. Zipo pia huduma za kulipia kama MyOutdoorTV, na zipo chaneli za bure za mtandaoni ambazo mtazamaji hazilipii chochote isipokuwa muda wa kutazama matangazo. Hata hivyo, mlipaji hajatoweka, kwani mvuvi wa YouTube anayesifu chambo fulani huenda amepewa chambo hicho bure au amelipwa, na mfumo unaopendekeza video huzipa nafasi zile zinazobofywa zaidi, jambo linalowasukuma watayarishaji kutafuta samaki wakubwa na vichwa vya habari vya kushtua.

Nchini Tanzania televisheni yenyewe ilichelewa, kwani Zanzibar ilikuwa na kituo tangu miaka ya 1970 ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Mtambo wa matangazo ya analojia ulipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, king'amuzi kikawa kifaa cha lazima, na vipindi vya uvuvi vikapatikana hasa katika vifurushi vya kulipia vyenye chaneli za kigeni. Mtandaoni kizuizi ni bei ya bando na lugha, ingawa mtazamaji anaweza kupunguza ubora wa picha ili kuokoa data, na YouTube inaweza kutafsiri maandishi ya maneno yanayosemwa, japo tafsiri hizo hukosea mara nyingi istilahi za uvuvi.

Bahari ya Afrika ya Mashariki inapoonyeshwa, mara nyingi ni uvuvi wa kitalii wa Watamu, Malindi na mkondo wa Pemba, ambako watalii hurambaza, yaani hukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, wakiwatafuta nduaro na sulisuli. Hapo mlipaji ni utalii. Kwamba mlipaji mwingine anaweza kupatikana kulithibitishwa na Shamba Shape Up, kipindi cha kilimo kilichoanza Kenya mwaka 2012 na kutangazwa kwa Kiswahili na Kiingereza kwa msaada wa wafadhili wa maendeleo na kampuni za pembejeo, kikiwaonyesha wakulima wadogo katika mashamba yao wenyewe.

Mtazamaji anayetaka kujifunza kutokana na vipindi vya kigeni hana budi kukumbuka kwamba leseni, ukubwa wa samaki anayeruhusiwa na maeneo ya hifadhi hutofautiana nchi kwa nchi, na kwamba kinachoruhusiwa Marekani kinaweza kuwa kosa Mafia au Naivasha. Ofisi ya uvuvi iliyo karibu ndiyo yenye jibu. Kwa upande wa vituo vya televisheni, wizara zenye dhamana ya uvuvi na vyama vya wavuvi, kazi iliyobaki ni kugharimia kipindi cha Kiswahili kitakachofundisha usalama majini, uhifadhi wa samaki baada ya kuvuliwa na madhara ya uvuvi haramu, kwa sababu watengenezaji wa mashua za kifahari hawatakuja kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao.