Kabla Baragumu Halijalia

Haya, sogeeni mkae. Wadogo mbele, ninyi wa sekondari nyuma. Mwenye simu aiweke mfukoni kwanza, ingawa habari yenyewe inahusu simu hizohizo.

Hapa kwetu Tabora, enzi za misafara, habari ya kuondoka ilikuwa na mtu wake. Aliitwa kirangozi. Mngemwona mara moja msingemsahau: nguo nyekundu mabegani, ngozi ya mbega, manyoya ya ndege kichwani, bendera mkononi. Alitangulia mbele ya wapagazi wote, na mpagazi aliyethubutu kumpita njiani alitozwa faini. Jioni, kama kesho yake njia iliingia pori lisilo na maji, kirangozi alisimama kambini akapaza sauti. Aliwaambia watu kwamba kesho ni safari, tena ndefu, kwa hiyo wajiandae kwa chakula na maji, na watembee pamoja. Alfajiri baragumu likalia, mizigo ikapanda vichwani na mabegani.

Wasimuliaji wengi hupenda hiyo sauti ya baragumu. Mimi napenda yaliyotangulia. Kabla kirangozi hajafungua kinywa, wanyapara walikuwa wamehesabu watu. Nguo za merikani na kaniki zilikuwa zimefungwa mitumba, shanga zimetiwa mifukoni, nyaya za shaba zimeningʼinizwa kwenye mti wa kubebea, na kila mzigo umepimwa uwe wa kilo 30 hivi, au kuzidi kidogo. Posho ilikuwa imegawiwa. Mgonjwa alijulikana, na mzigo wake ulikwisha kupata mtu. Ilijulikana pia ni mtemi gani anayemiliki njia ya mbele na ni hongo, yaani ushuru wa njia, kiasi gani ingetosha kupita kwa amani. Tangazo lenyewe lilikuwa la maneno machache, lakini kila neno lilisimama juu ya kazi ya mtu fulani.

Msidhani nausifia msafara wote. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na walijivunia kazi yao. Lakini kwenye njia hiyohiyo ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, wasioulizwa kama wako tayari. Ndiyo maana mwaka 2006, Tanzania ilipoiweka njia hii katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia, iliiita njia ya watumwa na pembe za ndovu. Kwihara, pale nje kidogo ya mji wetu, ni kimojawapo cha vituo vilivyotajwa. Nikiwaambia mjifunze kwa kirangozi, nasema mjifunze namna ya kupanga safari. Biashara ile si ya kuigwa.

Sasa tuje kwenu. Tuseme vijana watano wa Isevya mmetengeneza programu ya simu. Inawaonyesha wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo bei ya asali ya wiki, ili mtu asiuze ndoo yake kwa bei ya kutupa kwa sababu tu mnunuzi amemkuta shambani. Toleo la kwanza lilipendwa. Sasa mmemaliza la pili, au mnafikiri mmemaliza. Mnataka watu wajue. Nani aandike tangazo?

Najua mtakavyofanya. Mtampa yule mwenye vidole vyepesi, naye usiku huohuo ataandika hivi: "Toleo jipya limetoka! Ni bora zaidi na lina kasi zaidi! Pakua sasa!" Kisha mtalala mkiwa na furaha.

Mfugaji nyuki akilisoma tangazo hilo hapati kitu. Anataka kujua toleo litakula bando kiasi gani, kama simu yake ya zamani italikubali, kama bei alizohifadhi kwenye toleo la kwanza zitapotea, na kama ile kasoro ya Mei, bei ya nta ilipokuwa ikionekana mahali pa bei ya asali, imeondolewa. Tangazo linamwambia apakue sasa. Hapakui, na mimi nampa haki.

Sikilizeni tangazo la pili, la vijana walewale: "Toleo la 2 la programu yetu linapatikana kuanzia leo. Sasa unaweza kuona bei ya nta na bei ya asali kila moja mahali pake. Kasoro ya kuzichanganya tumeiondoa. Bei ulizohifadhi zitabaki. Ukiwa na simu ya zamani sana toleo hili halitafunguka. Endelea kutumia toleo la 1. Jambo moja bado halijakaa sawa: ukiwa huna mtandao, bei huonekana bila tarehe yake. Tunalishughulikia. Tunawashukuru wafugaji waliotujaribia programu hii kwa wiki mbili."

Hesabuni mlivyo watano, kisha tazameni tena. Sentensi ya kasoro iliyoondolewa anaijua aliyeiondoa, na hakuna mwingine anayeweza kuapa kwamba imeondoka kweli. Sentensi ya simu za zamani ni ya mjaribuji, aliyekwenda kuazima simu za majirani akazijaribu moja moja. Ya bei zilizohifadhiwa ni ya yule anayetunza kumbukumbu kwenye seva. Shukrani zinamhusu aliyekaa na wafugaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani wa kushukuriwa na nani hapendi kutajwa. Wa tano ndiye kirangozi wenu; wenye kazi hii humwita msimamizi wa toleo. Yeye haandiki mambo kutoka kichwani. Anazunguka kwa kila mmoja na rasimu mkononi akiuliza: sentensi hii yako, je, ni kweli leo? Itakuwa kweli Jumanne tutakapotangaza?

Swali la pili ndilo gumu. Programu hubadilika kila siku. Mwenzenu anaweza kuondoa kasoro asubuhi na jioni akaingiza nyingine bila kujua. Kwa hiyo vikundi vyenye uzoefu huweka siku ya kufunga mlango: kuanzia siku hiyo hakuna jambo jipya linaloingia kwenye toleo, hata liwe zuri vipi. Kinachoruhusiwa ni kurekebisha kilichoharibika tu. Jambo jipya lisubiri toleo la tatu. Mtagombana siku hiyo, nawaambia mapema. Kila mtu ana kitu chake kidogo anachosema kitachukua dakika tano. Msimamizi asiyeweza kusema hapana kwa rafiki yake aachie wengine kazi hiyo.

Mkiwa na mfasiri, naye asiachwe hadi usiku wa mwisho. Kitufe kwenye programu kikiwa kimeandikwa "Hifadhi", tangazo liseme "Hifadhi", lisije na neno lake lingine. Ndugu zenu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliijua adha hiyo. Mwezi Desemba 2004, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kwenye programu kama hiyo kila amri, kila onyo na kila kitufe hudai neno la Kiswahili, na neno hilo lazima liwe lilelile kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi ya namna hiyo haifanywi usiku mmoja.

Sasa niwasimulie kilichotokea mtu mwingine alipopiga baragumu kabla ya wenye msafara.

Mwaka 1995 kulikuwa na kundi la watu wa kujitolea, waliotawanyika katika nchi mbalimbali, wakitengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Debian. Intaneti wakati huo ilikuwa ya taratibu sana, kwa hiyo watu wengi walinunua programu kwenye diski za CD. Kampuni moja ya kuuza diski hizo, InfoMagic, ilichukua nakala ambayo bado ilikuwa ikifanyiwa kazi, ikaiweka kwenye CD na kuipa jina Debian 1.0. Haikuwa hila, ilikuwa kosa. Lakini aliyenunua diski ile alipata mfumo usiokamilika ulioandikwa namba ya mfumo kamili. Mwezi Desemba mwaka huo pande zote mbili zilitoa tangazo la pamoja kuwaambia watu kwamba toleo lile ni bovu.

Wangefanya nini na namba? Wakitoa toleo halisi na kuliita 1.0, nusu ya watu wangedhani ni ile diski mbovu. Basi wakairuka. Toleo lao la Juni 1996 liliitwa 1.1. Hadi leo ukihesabu matoleo ya Debian utakuta pengo mahali pa 1.0.

Mimi naona walifanya vyema kuungana katika tangazo moja. Wangeanza kurushiana lawama, mnunuzi angesoma matangazo mawili yanayopingana na asingejua ashike lipi.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayalioni. Programu inayopakuliwa na watu wengi haikai kwenye seva moja. Nakala zake husambazwa kwenye seva nyingi duniani, ili mtu wa Tabora na mtu wa Tokyo wasigombanie mlango mmoja. Kusambaza huko huchukua muda. Msimamizi husubiri nakala zifike, hukagua moja moja, ndipo hutangaza. Kwenu ninyi wa simu, programu hupita kwanza kwenye duka la programu, nalo huikagua. Ukaguzi waweza kuisha kwa saa chache au ukachukua siku kadhaa. Kwa hiyo msiahidi Jumanne ilhali mmepeleka Jumatatu.

Na kuna kosa la upande wa pili, la habari iliyo tayari isiyoondoka. Mfano wake upo hapahapa kwetu. Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za msafiri Mskoti, Daktari Livingstone, ulifungwa Unguja ili apelekewe Ujiji. Ulivuka bahari ukafika Bagamoyo, na hapo waliokabidhiwa wakakaa nao pwani zaidi ya miezi mitatu. Barua zilikuwa zimeandikwa, mfuko una tarehe, njia inajulikana. Aliyekosekana ni mtu wa kusema "leo tunaondoka" na kuulizwa akikaa. Mfuko ulipofika Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, ukakwama tena. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliukuta Kwihara mwaka 1871, akaondoka nao hadi Ujiji. Mwenye barua alizipokea Novemba, mwaka mzima baada ya mfuko kufungwa.

Basi katika kundi lenu aandikwe mtu mmoja, kwa jina, mwenye kubonyeza kitufe cha kutuma. Mkisema "sote tutatuma", hatatuma mtu. Na aandikwe wa pili, maana wa kwanza anaweza kuugua malaria, au umeme ukakatika mtaani kwake saa ileile.

Je, siku ikifika na kazi haijawa tayari? Ahirisheni, lakini ahirisheni mapema na kwa sauti. Mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, huahidi toleo kila miezi 6, Aprili na Oktoba. Namba yake ni mwaka na mwezi: la Oktoba 2004 liliitwa 4.10. Toleo lililotarajiwa Aprili 2006 lilikuwa la kutunzwa kwa miaka mingi kuliko yaliyotangulia. Machi, kabla mwezi wenyewe haujafika, Shuttleworth alipendekeza wajiongezee wiki 6 za kulijaribu na kulisafisha. Wakakubaliana. Likatoka tarehe 1 Juni likiwa na namba 6.06 badala ya 6.04, na kuchelewa kwake kukabaki kwenye jina lake kila mtu akuone. Hawakuona haya. Watu walikuwa wameambiwa wiki kadhaa kabla, wakapanga mambo yao upya.

Kuhusu siku yenyewe, nina machache. Msitangaze Ijumaa jioni, kwa sababu kasoro itakayojitokeza itawakuta Jumamosi mmetawanyika, huyu harusini, yule shambani Uyui. Tangazeni asubuhi ya siku ya kazi, wote mkiwa na chaji. Tangazo lisomwe kwanza na mtu mmoja asiyekuwa katika kundi, ikiwezekana mama yake mmoja wenu. Asipoelewa, kosa si lake.

Msafara ulipokaribia Unyanyembe, watu walivaa nguo zao bora na bunduki zikafyatuliwa hewani ili wenyeji wajue. Wenyeji walitoka. Hawakutoka kushangilia tu. Walitoka na maswali: mmeleta nini, bei za pwani zikoje, ndugu yangu mliyeondoka naye yuko wapi? Na msafara wote ulikuwa umechoka, lakini ilibidi wajibu.

Nanyi pangeni zamu ya kujibu kwa siku tatu za kwanza, na namba ya simu iliyo kwenye tangazo iwe inapatikana kweli. Atakayepiga wa kwanza hatasema hongera. Atauliza kwa nini bei ya asali ya Urambo ni ya wiki iliyopita. Mwambieni ukweli, kisha mumwandike kwenye daftari la toleo la tatu.