Joto si halijoto: Ushahidi wa nta na plastiki

Wengi wetu hutumia maneno ‘joto’ na ‘halijoto’ kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Joto ni nishati. Halijoto ni kipimo cha umoto au ubaridi.

Chukua barafu. Kuyeyusha kilo 1 huhitaji kilojuli 334 hivi, na muda huo wote kipimajoto hubaki kwenye nyuzi 0. Joto linaingia, halijoto haipandi! Ndiyo maana huitwa ‘joto fiche’. Maji yakiganda, joto hilo hutoka.

Nta ya mshumaa ni vivyo hivyo, ila ikiyeyuka huvuja. Dawa yake ni polima. Nta huchanganywa na polithini ngumu, ile ya kutengenezea mitungi, inayoyeyuka karibu na nyuzi 130. Nta ikiyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, polithini huishikilia isitiririke. Ndani ya mtambo wa kupashia maji kwa jua, mchanganyiko huo hunywa joto mchana na kulitoa usiku nta inapoganda.

Sasa, mwanafunzi aliyezoea kusema ‘joto halikupanda’ ataelewaje kwamba nta imeshiba joto? Tuseme basi: joto huingia na kutoka, halijoto hupanda na kushuka.